Muuafarasi

Casimira alikuwa amepiga magoti mbele ya shimo la buibui jike, chupa ya spiriti ya kuhifadhia buibui kando yake, aliponusa petroli. Hakuhitaji kugeuka kujua ni nani.

Kaka yake Eleuterio alianzia mashimo ya chini ya kilima. Anamimina petroli kutoka kwenye dumu, anachomeka fimbo yenye tambara linalowaka, anahamia shimo jingine. Jike mmoja alitoka akiungua, Eleuterio akamponda kwa buti huku akimtukana kama binadamu.

"Acha, Eleuterio. Dume hajaja bado."

"Kwato ya Palomo imeng'oka, Casi. Farasi wangu anatambaa, halafu unaniletea habari za dume?"

Jimbo zima la Sonora linaamini hivyo: buibui huyu akikojolea kwato, kwato inadondoka. Ndiyo maana wanamwita muuafarasi. Casimira alishachoka kubishana. Majike wa kilima hiki, wenye mgongo mwekundu, hakuwaona kwingine jangwani. Lakini spishi hutambuliwa kwa ncha za vikono vya dume, kule mdomoni. Bila dume, mabingwa wa mjini wangewahesabu kuwa walewale wa kila mahali, wasiwape jina lao, na hakuna ambaye angewalinda.

"Muuafarasi ni muuafarasi tu," alisema Eleuterio, akilifuata shimo la mwisho, lile alilokuwa akililinda Casimira. "Tangu lini ana ukoo?"

Casimira alimrukia. Walibiringika kwenye miiba. Konde la kaka likamlegeza jino. Naye akamng'ata kidole mpaka meno yakagusa mfupa. Alimchukia kabisa, mtu huyu aliyemfundisha kupanda farasi. Akaokota jiwe, akampiga nalo kwenye paji la uso. Eleuterio akaanguka, dumu likamwagikia shimoni, na ile fimbo ikafuata.

Moto ulipozimika, dume akaja. Mweusi, miguu mirefu. Akagonga kwenye mdomo wa shimo kama wachumba wao wanavyobisha hodi, akangoja, akagonga tena.

Casimira alimwokota kwa mkono, akamtazama kwa lenzi. Ncha zimepinda kama ndoana. Hakuna buibui mwingine aliye nazo. Alikuwa amesema kweli miaka yote, na sasa alitaka kulia.

"Utamfuga?" aliuliza Eleuterio, damu ikimwingia jichoni.

"Mabingwa hawatoi jina bila maiti."

Akamtumbukiza kwenye spiriti. Dume alipigapiga kioo.

"Basi mpe jina langu," alisema kaka. "Mimi ndiye niliyewamaliza."

"Sisi sote wawili tumewamaliza," alisema Casimira, akashikilia kifuniko mpaka miguu ikajikunja.