Mandolini ya Afande Bogere

Santa aliketi, akainuka, akaketi tena. Benchi la Mzee Marjan, fundi seremala wa Namatala, lina msumari uliochomoza, lakini si huo uliomwinua. Alitoka Jinja alfajiri, mandolini ya marehemu mumewe, Afande Bogere wa magereza, mapajani mwake, imezungushiwa shuka la maua. Keshokutwa ukoo unakutana Buwenge kugawa vitu vya marehemu, na shemeji yake Herbert ameshasema: mandolini ilichongwa kwa mvule wa babu, kwa hiyo irudi kwa ukoo. Nani angembishia? Bogere mwenyewe alilitangaza hilo miaka thelathini.

"Tulia basi, mama. Unanitikisia meza."

"Wewe tazama tu, mzee."

Marjan akaipima mkononi. "Mvule gani mwepesi hivi? Kuku wangu anauzidi." Akasugua mgongo wa mandolini kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kitambaa kikatoka na wekundu wa udongo. Akanusa. "Heh! Rangi ya viatu!"

Santa akaona haya. Kila Jumamosi Bogere aling'arisha buti zake, halafu mandolini, kopo lilelile, burashi ileile. Na alipokufa, yeye Santa akaendelea.

Fundi akakwaruza kwa ncha ya kisu ukingoni mwa tundu la sauti, chini ya nyuzi, akasogeza ule unga puani. "Unga wa mvule ukinigusa tu, napiga chafya. Toka ujana wangu."

Wakangoja. Santa akaenda mlangoni, akarudi. Chafya haikuja. Pale palipokwaruzwa, mbao ilikuwa nyeupe, tabaka tatu nyembamba zimegandishwa kwa gundi.

"Plaiwudi, mama. Uso, mgongo, yote. Ya kiwandani, ya bei ya chini."

Basi si mti wa babu; ni yake Santa, si ya ukoo. Lakini moyo haukutulia. Kulisema hilo mbele ya ukoo ni kumwita Bogere mwongo, dada zake wote wakisikiliza. Akatoka nje, akapiga simu.

"Shemeji, kesho uje kwangu. Peke yako. Na tochi."

Kesho yake Herbert akaja, akachuchumaa, akamulika tundu la mandolini, jicho moja amelifumba. Alikaa hivyo mpaka Santa akazunguka meza mara mbili.

"Aa, huyu mtu!" Herbert akasema mwishowe. "Alituapia kwa kaburi la babu! Mimi alinikataza hata kuigusa na mikono yenye jasho!" Akacheka mpaka akakohoa, akajifuta machozi kwa kiganja. "Mwongo mkubwa."

"Ni mwongo wangu, shemeji. Niachie."

Herbert akazima tochi. "Kesho nitasema mjane ameizoea, abaki nayo. Habari za mvule asiniulize mtu."

"Hawatakuuliza?"

"Nani? Hiyo ya mvule wote wameisikia mpaka wamechoka."

Alipoondoka, Santa akafungua kopo la rangi. Kwa mara ya kwanza wiki ile alikaa kitako bila kuinuka, akapaka pale palipokwaruzwa, taratibu, mpaka weupe wote ukafunikwa.