Maji kwa Kilo ya Unga

Pampu ya ploti yetu hapa Molo iliharibika Januari, katikati ya kiangazi. Lori la maji lilikuja mara moja kwa wiki kujaza tangi, na ufunguo wa tangi ulikaa mfukoni mwangu, maana mimi ndiye keateka, mtunzaji wa nyumba hizi za kupanga. Nilipanga kila mlango upate mitungi miwili kwa siku. Niliona hiyo ni haki.

Bethwel anaishi peke yake. Aliosha pikipiki na maji yakabaki. Jirani yake ni Cherop, mwenye watoto wengi na mama mkwe, Kogo Jepleting, yaani bibi Jepleting. Mitungi yao iliisha kabla ya saa nne asubuhi. Cherop alipolalamika nikamwambia sawa, nitagawa kwa vichwa, aseme wako wangapi niandike.

Akakataa kusema. Kwao watoto hawahesabiwi, ni kuwaitia mkosi. Hata kwetu hawahesabiwi, lakini nilikuwa nimechoka, na mdomo wangu hauna breki. Niliingia kwao, nikanyoosha kidole: mmoja, wawili, watatu. Nilipofika wa sita, yule mchanga aliyebebwa mgongoni, Kogo alinipiga mkono kwa mwiko.

"Hawa si mbuzi wa mnada," akasema. Akafunga mlango na kuapa kwamba hakuna mtu wake atakayegusa maji kutoka mkono ule.

Kesho yake yule mchanga akaanza kuhara. Cherop alirudi kutoka zahanati na pakiti za chumvi za kuchanganya na maji yaliyochemshwa. Jiko la makaa liliwaka bure, maji ya kuchemsha hayakuwepo. Majirani walichanga jagi moja la maji, mtoto akatapika yote. Kufika adhuhuri macho yake yalikuwa yamezama, na Kogo bado amekaa mlangoni.

Nikasimama mbali kidogo, mikono nyuma. Kuomba msamaha sijui. Nikauliza tu, "Kogo, jioni mnasonga unga kilo ngapi?"

Aliniangalia sana. Ndani mtoto alilia kwa sauti nyembamba, kisha akanyamaza. 

"Mbili na nusu," akasema. "Na sufuria inakwanguliwa."

Nilikimbia kwenye tangi. Mitungi miwili kwa kila kilo, bila kuhesabu kichwa, basi yao ni mitano. Bethwel akaja kuuliza nani amebadilisha sheria. Nikamuuliza yeye husonga ngapi.

"Mimi nakula hotelini, boss."

"Basi kaoge huko."

Alinitukana. Nikamwachia mtungi mmoja, nikabeba miwili ya Kogo. Hakunishukuru. Alichota kikombe, akanusa, akamimina kwenye sufuria. Tulingoja yachemke, tukangoja yapoe, Cherop akiyapepea kwa kifuniko. Mtoto alitema kijiko cha kwanza. Cha pili pia. Cha tatu kikashuka, na cha nne. 

"Nenda ufunge mfereji wa tangi," Kogo akaniambia mwishowe, bila kugeuka. "Nasikia maji yanamwagika."