Meseji za Mimba za Mzee Jairo

"Hongera mama! Mtoto wako sasa anasikia sauti yako. Matiti kuuma ni kawaida. Vaa sidiria isiyobana."

Mzee Jairo aliisoma meseji hiyo kilabuni pale Igamba, kwa sauti, maana miwani yake ilikuwa na mkono mmoja, na mtu anayesoma huku ameishikilia miwani husahau kuushikilia mdomo. Enoka, rafiki yake tangu utotoni, alipaliwa na pombe ya komoni hadi ikamtokea puani.

"Jairo, umesikia lakini? Isiyobana!"

"Si yangu hii."

"Imekuja kwenye simu ya nani?"

Mzee akaizima simu, lakini kilabu kizima kilikuwa kimeshasikia. Tangu siku hiyo akiingia tu, mtu anainuka: "Mpisheni mjamzito akae!"

Wa kulaumiwa alikuwa mwanawe, Mika. Mika alikuwa Tunduma, anabadilisha kwacha mpakani, na simu yake ilikuwa na tabia ya kuvuka mpaka bila pasipoti: asubuhi iko Tanzania, mchana imeshika mtandao wa Zambia, haipatikani tena. Kwa hiyo mkewe, Tusekile, alipoandikishwa kliniki kwenye huduma mpya ya meseji za wajawazito, Mika akatoa namba ya baba yake. "Mama atakuwa anamsomea," alisema. Mama yake, Enesi, hakuwahi kusoma kitu kisichokuwa kitabu cha nyimbo za kanisani.

Hivyo mwaka ule wa 2014 Mzee Jairo akajua mambo ya mkamwana wake ambayo hata Mika hakuyajua. Alijua kiungulia. Alijua vidonge vya madini ya chuma na kilichowapata waliovinywa wanapokwenda chooni. Jambo moja tu hakulijua: sura ya Tusekile.

Wao ni Wandali, walihamia Igamba kutoka Ileje, na mila walikuja nayo mzigoni. Kwao baba mkwe na mkamwana hawatazamani, hawasemeshani, hawapishani kwenye njia moja. Mzee akikohoa uani, Tusekile hutoweka kwenye mibuni kama kuku aliyeona mwewe. Miaka miwili katika ua mmoja, mzee alimjua kwa khanga na kwa mlio wa mchi. Enesi asipokuwepo na neno likawa la lazima, lilipitia kwa mbuzi.

"Wewe mbuzi," mzee husema akitazama mlima, "maji ya kuoga yameisha."

Mbuzi hajibu. Maji yanafika.

Ikaja Alhamisi moja, Enesi na kina mama wote wa jirani wako Mbozi Mission kwenye mkutano wa kanisa. Mzee alikuwa ameketi uani anaota jua. Jikoni sufuria ikaanguka. Kisha sauti ya Tusekile, nyembamba:

"Mbuzi, kichwa kinanipasuka. Naona nyota mchana."

Mzee akashtuka. Kwa miaka miwili, Tusekile hajawahi kumlalamikia mbuzi. Akaitoa simu, akaitafuta meseji ya asubuhi ambayo aliipuuza: "Mama, hizi ni dalili za hatari: kichwa kuuma sana, kuona nyota, uso kuvimba. Ukiwa nazo jibu NDIYO."

Akaandika: NDIYO LAKINI SI MIMI.

"Samahani, jibu lako halieleweki."

"Na wewe hueleweki!" akaifokea simu. Akaandika NDIYO peke yake, akajiona kama mtu aliyesaini jambo zito. Haikupita muda, simu ikaita.

"Habari yako mama, naitwa nesi Jenista, kituo cha afya."

"Mimi ni baba mkwe."

"Aa, samahani. Shikamoo baba. Mama mjamzito anaumwa?"

"Kichwa. Na nyota."

"Uso umevimba?"

"Nesi, uso wake mimi nitaujulia wapi?"

"Si mnaishi wote?"

"Tunaishi. Kwa visogo."

Jenista alikuwa mtu wa Songea, hakuelewa kitu. "Baba, mtazame, uniambie. Nasubiri."

Mzee Jairo aliwahi kuua chatu kwa jembe, lakini hatua zile za kwenda mlango wa jikoni zilimtisha kuliko chatu. Tusekile alikuwa ameegemea ukuta, khanga imefunika kichwa chote.

"Wewe mbuzi," mzee akasema, "mwambie mtu afunue uso."

Khanga haikusogea. Hata kwa Tusekile ile ilikuwa aibu ya kuzikwa nayo.

"Mbuzi, ni nesi anayetaka. Si mimi."

Khanga ikashuka polepole. Mzee akageuka, akatazama. Aliona uso wa duara, unang'aa, macho yamezama.

"Nimeuona," akasema simuni.

"Umevimba?"

"Ni mnene. Sasa nitajuaje kama ni ugonjwa au ni ukoo? Sijawahi kuuona!"

Jenista akavuta pumzi. "Basi abonyeze mguu kwa kidole gumba, hapo mbele kwenye muundi. Kidole kikitoka, shimo linabaki?"

Maagizo yakapita kwa mbuzi. Tusekile akainama kwa shida, akabonyeza, akasubiri.

"Mbuzi," akasema, na sasa analia, "shimo limebaki."

"Limebaki," mzee akasema.

Sauti ya nesi ikabadilika. "Baba, mlete sasa hivi. Hicho ni kifafa cha mimba kinakuja. Kikimkuta hapo nyumbani tunaweza kuwapoteza wote wawili."

Bodaboda wa karibu alikuwa Brayson. Alifika na pikipiki yake yenye maandishi MWENYE WIVU AJINYONGE, akampandisha Tusekile, kisha akamtazama mzee.

"Nani anamshika nyuma?"

"Atashika mwenyewe."

"Mzee, mtu anaona nyota! Akidondoka mimi sina macho kisogoni. Panda, twende watatu, mshikaki."

Mzee akatazama nyumba za jirani. Kimya, kina mama wote wanaimba huko Mbozi Mission. Akavua kofia. Akapanda. Akamzungushia mkamwana wake mikono yote miwili kiunoni, akafumba macho kama mtu anayeingizwa sindano.

Mbele ya kilabu Enoka alisimama na kikombe, akasahau kunywa.

"Jairo! Huyo si mkamwana wako?"

"Ndiye!"

"Na umemshika?"

"Nimemshika! Brayson, ongeza mafuta!"

Barabara ilikuwa mashimo matupu. Katikati yao Tusekile akanong'ona, "Baba, nisamehe."

"Nyamaza, usiseme na mimi!"

Akanyamaza. Kichwa kikalala upande. Hapo ndipo mzee alipoingiwa na hofu ambayo hakuna mzee wa ukoo aliyewahi kumfundisha namna ya kuishika.

"Hapana, sema! Tusekile, sema!"

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lile.

"Niseme nini baba? Sijawahi kusema nawe."

"Chochote! Kama huna la kusema, nitukane!"

Pikipiki ikaruka shimo, ikatua.

"Unakoroma," Tusekile akasema.

"Endelea!"

"Unakoroma hadi Mika alisema ni trekta. Na kahawa... kahawa unaianika vibaya. Unaigeuza ukikumbuka."

Brayson alicheka nusura awatie mtaroni. "Na nini tena?" mzee akabembeleza, machozi yanamtiririka, kwa upepo, kama alivyodai baadaye. "Sema tena, mwanangu."

"Na chumvi... unasema haitoshi kabla hujaonja."

Walifika akiwa bado anamlalamikia. Jenista alikuwa mlangoni na sindano tayari. Presha ilipopimwa, nesi hakuitaja kwa sauti. Aliita gari la wagonjwa. Gari lile likawapeleka hospitali ya Vwawa, mzee ndani, maana walitaka ndugu, na ndugu aliyekuwepo ni yeye.

Enesi alitokea Mbozi Mission jioni, bado amevaa sare ya kina mama wa kanisa, akamkuta mumewe kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji.

"Baba Mika, habari imenifikia. Umemtazama?"

"Nimemtazama."

"Na umemshika?"

"Kiunoni."

"Kwa mikono miwili?"

"Kwa mmoja angedondoka."

"Na Mungu anakuona!"

"Na anione. Angekuja kumshika yeye, mimi ningebaki na mbuzi."

Enesi alifungua mdomo kumjibu. Mlango ukamtangulia. Nesi wa zamu akatoka na kitu kidogo kimefungwa khanga, kinapiga kelele kubwa kuliko mwili wake.

"Wa kike. Mdogo, ila ana hasira. Mama yake ameamka." Nesi akawatazama wote wawili. "Anauliza kama baba mkwe yupo, au amerudi nyumbani."

Mzee Jairo akainama kutazama viatu vyake. Hili halikuwa la kwake kujibu. Lilikuwa la mke wake, mwenye mila na sare. Enesi akampokea mjukuu, akamtazama, kisha akamtazama mumewe.

"Mwambie yupo," akasema.