Dakika ya Nane

Kwa miaka kumi na tisa Saa hakuwahi kuisikiliza albamu ya bendi yao ya zamani mpaka mwisho. Akifika wimbo wa tano, ule mrefu wa dakika kumi na mbili, alikuwa anazima kabla ya dakika ya nane, maana hapo ndipo shemeji yake alipoharibu kazi. Hivyo ndivyo alivyoamini, na ndivyo alivyomwambia kila aliyemuuliza, na wengi ambao hawakumuuliza.

Yeye ndiye aliyepiga kinanda, na jina la Saa alipewa na wenzake wa bendi kwa sababu hakuwa mtu wa kukosa pigo. Walikuwa wanne, nao walipiga metali, ule muziki mzito wa magita, ya aina yake: kinanda na gita la umeme vikifukuzana, utadhani muziki wa kikale wa fidla umepanda pikipiki, huku ngoma zikihama kutoka mapigo saba kwenda tano kwenda tisa bila hodi. Majirani walidhani kuna ugomvi. Watu mia kadhaa waliipenda albamu ile kufa na kupona, kisha bendi ikafa. Saa akageukia kutengeneza cherehani. Shemeji, aliyemwoa dada yake Saa, akauza gita lake na kuingia kwenye kazi ya madirisha ya alumini.

Na hakuliuza hivi hivi. Mwandishi mmoja wa gazeti alikuwa ameandika kwamba dakika ya nane mpiga gita alipotea njia, na Saa alipoulizwa redioni akasema ni kweli, gita lilichelewa. Shemeji hakujibu kitu. Tangu siku ile salamu zao zikawa za msibani tu: mkono, pole, basi.

Sasa kampuni moja ndogo ilitaka kuitoa albamu upya. Jumamosi asubuhi fundi sauti wao, mwanamke kijana mwenye miwani aliyeikariri albamu nzima tangu sekondari, akamwita Saa studio. Alikuwa ametoa mikanda ya zamani na kutenga kila chombo peke yake.

"Mzee, kuna kitu nataka usikie," akasema. "Unakumbuka ulikuwa na maikrofoni ya kuitikia? Wimbo wa tano hamkuitumia, lakini ilikuwa wazi."

Akabonyeza. Saa akakisikia kinanda chake, na juu yake sauti yake ya ujana ikinong'ona hesabu, kama ilivyokuwa desturi yake. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Moja, mbili, tatu, nne, tano, saba.

Akaomba irudishwe. Ikarudishwa. Mara ya tatu alihesabu kwa vidole juu ya goti kama mtoto wa chekechea, na sita haikuwepo.

"Mpiga ngoma naye akaruka na wewe," fundi sauti akasema.

"Kila mtu alikuwa ananifuata mimi," Saa akajibu.

"Isipokuwa gita. Sikia."

Gita lilikuwa linakimbia sawasawa, likajikuta nyuma peke yake. Likaacha kukimbia. Shemeji alishika noti moja ndefu, akaing'ang'ania, mpaka wenzake walipofika mwanzo wa mstari, ndipo akaingia nao. Hakuwa amepotea hata kidogo. Alikuwa anamfichia mtu aibu.

"Naweza kuirekebisha kwenye kompyuta," fundi sauti akasema. "Narudisha pigo lako, ile noti ndefu naikata, haitakuwa na kazi tena. Hakuna atakayejua."

Kikulacho ki nguoni mwako, na Saa alikuwa amekagua nguo za kila mtu isipokuwa zake. Tusimsingizie ushujaa: alitamani kusema ndiyo. Angerudi nyumbani akiwa Saa yule yule.

"Usiguse kitu," akasema mwishowe. "Niwekee kwenye simu."

Karakana ya shemeji ilikuwa mitaa miwili tu kutoka hapo. Alimkuta anapima fremu, penseli sikioni, mikono imejaa vumbi la alumini.

"Karibu, shemeji," yule bwana akasema, akamtazama vizuri. "Nani amefariki?"

"Hakuna. Sikiliza hii."

Shemeji akavaa visikizio vya simu ya Saa, akasikiliza amesimama, uso hauonyeshi kitu. Kisha akavua visikizio. "Umeruka sita."

"Ulijua?"

"Pale pale, hata sijaiachia noti."

"Mbona hukusema?"

Shemeji akapuliza vumbi kwenye fremu. "Tulirekodi siku ya tisa tangu mama yenu azikwe. Ulikataa kupumzika. Dada yako akaniomba nikuangalie. Mtu aliyefiwa na mama akiruka hesabu moja, unamwambia nini?"

"Lakini miaka yote hii, shemeji."

"Usinifanye malaika. Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa huruma. Hiyo kumi na minane mingine nilinyamaza kwa hasira. Nilikuwa nangoja uisikilize mwenyewe."

Saa akalia. Alijifuta kwa kitambaa cha mfukoni, kile cha kufutia mafuta ya cherehani, akajipaka weusi shavu zima. Shemeji alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka.

"Nisamehe," Saa akasema.

"Nimesikia." Shemeji akachukua tena rula yake. "Sasa wataitengeneza?"

"Wanaweza. Ila noti yako itakatwa."

Rula ikatulia juu ya fremu. "Waambie waiache. Sijawahi kupiga noti nzuri kuliko ile."

Albamu ilitoka upya miezi mitatu baadaye. Kwenye karatasi ya ndani kila mwanabendi alipewa nafasi ya kuandika shukrani zake. Saa aliandika mistari miwili:

"Wimbo wa tano, dakika ya nane: kinanda kiliruka pigo la sita. Gita lilikingoja."