Miungu Wanne wa Auderghem

Kazi yangu ni kuandika kadi za asili za vitu vya kale, zinazoeleza kitu kilitoka wapi na kwa nani, na sijawahi kuchanganyikiwa kama wiki ile ya baa ya Tiki, iliyopambwa kama visiwa vya Pasifiki, huko Auderghem, Ubelgiji. Baa ilikuwa inafungwa baada ya miaka hamsini. Makumbusho fulani yalikubali kuchukua mapambo yake kwa sharti moja: kila kitu kiwe na asili inayojulikana. Kisicho na asili, Ijumaa kingechomwa.

Vikombe vya udongo na makuti ya plastiki nilivimaliza kwa saa moja. Sanamu nne za miungu ndizo zilizonitoa jasho. Mwenye baa aliapa zimetoka Tahiti. Mteja wake wa zamani akasema Hawaii. Mbao zenyewe zilikuwa za mwaloni wa hapa hapa Ubelgiji. Na zote nne zilikuwa na sura moja, yenye pengo la jino la chini na chale tatu kila shavu. Nilipekua vitabu vya visiwa vyote vya Pasifiki nikaambulia patupu. Hasira zikanipanda.

Alhamisi nikampelekea picha baba yangu, papa Banza, kule anakoishi, Ganshoren. Ni seremala mstaafu, nami nilitaka ushauri wa mbao tu. Aliitazama simu, kisha akaenda kufunga mlango, ingawa tulikuwa peke yetu.

"Ni miye njo nilichonga," alisema.

Nilidhani ananitania. Yeye ni shemasi. Hata kinyago cha mapambo hakiingii nyumbani kwake. Akanieleza kwamba mwaka 1974, karakana aliyofanyia kazi ilimpa postikadi iliyofifia ya mungu wa kisiwani, achonge wanne. Wiki hiyo hiyo ilifika barua kutoka Kamina, mji wa kwao: mama yake amekwisha kuzikwa.

"Bon, mungu ya Tahiti miye nitamujua wapi? Nilichonga maman. Wa kwanza aliisha, machozi haikuisha. Alors nikachonga mwingine, na mwingine."

Aliogopa kanisani watasema amemgeuza mama yake sanamu, akanyamaza miaka yote. Nilikasirika na nikalia, sijui kipi kilitangulia. Picha ya bibi haipo hata moja. Nilipewa jina lake, Ngoie, ndiyo maana papa ananiita maman tangu nizaliwe. Sura yake sikuwahi kuiona, na walevi wa Auderghem waliiona kila jioni.

"Maman," aliniuliza, "sasa utaandika nini?"

Ijumaa asubuhi nilikaa mbele ya sanamu na kadi zangu tupu. Kwenye ya kwanza, penye asili, nikaandika jina langu: Ngoie. Kisha nikachukua kadi ya pili.