Ya Nyeupe Haipo

Ko, ko.

Veronika hakugeuka. Alikuwa amechuchumaa jikoni anapuliza kuni mbichi zilizogoma kushika moto, machozi ya moshi yanamtiririka. Alijua kilichogongwa: pete ya ndoa kwenye kikombe cha bati chenye ukingo wa bluu. Mumewe alishaacha kuomba kwa mdomo. Ulimi ulikuwa unamganda kwenye meno, basi akawa anagonga.

“Bado, Baba Lusungu. Subiri jua lisogee kidogo.”

“Jua lipi?” Anyisile aliuliza kutoka kitandani.

Kweli, lipi? Mvua ilikuwa inamwagika tangu alfajiri. Ulikuwa mwaka ule wa Elnino, na hata wazee wa kijiji cha Ngonga walikiri hawajaona mvua ya namna hiyo. Maji yalitoka kwenye majaruba ya mpunga, yakapita katikati ya migomba, yakaja kukaa kizingitini kama mgeni asiyejua kuaga. Vyura walilia mpaka uvunguni mwa kitanda. Na juu ya kitanda hichohicho mtu mzima, fundi wa mashine za kukobolea mpunga, miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa, anakufa kwa kiu. Jamani!

Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, basi. Ndivyo Veronika alivyofundishwa na muuguzi wa ile hospitali ya watu binafsi Dar es Salaam, mahali walipokuwa wakimsafisha Anyisile damu kwa mashine. Figo zimekufa, alisema yule dada, kwa hiyo kila anachokunywa kinabaki humohumo mpaka mashine ikitoe. Tena si maji tu. Juisi ya machungwa hapana, dafu hapana, kakao hapana, ndizi hata ya kuonja hapana. Vina madini ambayo mtu mwenye afya huyakojoa bila kujua. Yeye yakimjaa, moyo unasimama. Soda nyeusi hapana. Chai ya rangi, nyepesi, sawa. Akizidiwa sana, kipande cha barafu amung'unye, au funda moja la soda nyeupe, ile ya chupa ya kijani.

Mtu aliyezaliwa chini ya mgomba na kusomeshwa kwa kakao, leo unamwambia hivyo ni sumu! Lakini Veronika hakubisha. Aliyashika maneno yale kama Baba Yetu, akayarudia ndani ya basi njia nzima mpaka Kyela.

Maana walirudishwa. Kiwanda cha mpunga alichofanyia kazi huko Kyela, kilipokuwa cha serikali, kilimlipia matibabu bila maneno. Kilipouzwa kwa mwekezaji, wafanyakazi wa zamani wakapunguzwa wote, na hospitali ikaambiwa huyu si wetu tena. Siku ya kuondoka, muuguzi aliwasindikiza mpaka mlangoni.

“Mkachunge vinywaji,” alisema, macho yake yako sakafuni.

Hakusema wachunge mpaka lini, na Veronika hakuthubutu kuuliza. Aliamua mwenyewe kwamba akichunga vizuri, bila kukosea hata funda, Anyisile atafika siku watakayomrudisha kwenye mashine. Hilo ndilo lililomwamsha kila asubuhi.

Watu wa kijiji waliona vingine. Waliona mwanamke anayempimia mumewe maji.

“Gwe Veronika,” mama mkwe, bibi Angetile, alimjia siku moja, kanga imelowa mpaka kiunoni. “Mwanangu nimemnyonyesha mimi, sikumpimia. Wewe maji ya Mungu, yanayojaa mpaka mlangoni, unampa kwa kikombe cha mtoto?”

“Mama, ni masharti ya daktari.”

“Daktari yupo hapa? Anamsikia anavyogonga?”

Veronika ndiye aliyekuwa anamsikia. Alimsikia akiwa shambani, akiwa kisimani, akiwa kanisani katikati ya wimbo. Alimsikia hata pale Anyisile alipokuwa amelala na kikombe kiko kabatini. Na aliposikia, koo lake mwenyewe lilikauka. Siku hizi alikunywa maji kwa kujificha nyuma ya nyumba, kama mwizi.

Aliyemwelewa alikuwa Bi Tausi peke yake, mwenye duka mjini, mzaliwa wa Kilwa. Bi Tausi alikuwa na friji. Kila Veronika alipofika amelowa, baiskeli imejaa tope, yule mama alimfungia barafu ndani ya nailoni, akaizungushia maranda ya mbao isiyeyuke njiani.

“Chukua, mwanangu. Shukrani kaweke, mumeo kwanza.”

Ni hapo dukani alipokutana na Ezra. Huyu alikuwa mzaliwa wa Ndandalo, hukohuko Kyela, amesoma na Anyisile darasa moja, na sasa alikuwa afisa utumishi wa mwekezaji. Shati jeupe, simu ya mkononi kiunoni, ingawa huku mtandao ulikuwa bado haujafika.

“Mugonile, shemeji,” alimsalimu kwa Kinyakyusa. “Mgonjwa anaendeleaje?”

“Tunachunga vinywaji.”

“Vizuri sana. Sikiliza. Jumamosi bosi anafungua kiwanda upya. Mlete. Nitamsimamisha mbele yake mwenyewe. Yule mtu akiguswa moyo ni neno moja tu, mumeo yuko Dar, yuko kwenye mashine.”

Veronika alipiga goti kushukuru palepale kwenye sakafu ya duka. “Ndaga fijo, baba. Ndaga fijo.”

“Ila msije mkatutia aibu,” Ezra alisema, akimwinua kwa ncha za vidole.

Jumamosi mvua ilikatika, kama nayo imealikwa. Eliya, mdogo wake Anyisile, alimpakia kaka yake kwenye baiskeli na kuisukuma; Veronika alitembea pembeni, amemshika kiuno asianguke, na bibi Angetile akafuata nyuma. Asubuhi hiyo hakumpa hata chai. Alitaka afike mwepesi, apumue vizuri, aweze kujieleza.

Uwanja wa kiwanda ulikuwa umefungwa maturubai mapya. Chini ya turubai kubwa ndipo ilipokuwa meza kuu: mwekezaji, wageni wake, na chupa za soda zinazotoka jasho la barafu. Waliopunguzwa kazi waliwekwa upande wa jua, na kila mmoja alivalishwa kofia yenye nembo ya kampuni. Katoni za juisi zilikuwa zimepangwa hadi kufika kifuani mwa mtu, juisi za pakiti kutoka Afrika Kusini, zenye picha ya chungwa lililokatwa katikati.

Ezra alimsogeza Anyisile mbele. Mpiga picha akasogea naye.

“Huyu ndiye mzee wetu Anyisile, bosi. Ametumikia mashine hizi tangu siku zilipowekwa. Ni mgonjwa. Kampuni haimsahau mtu wake!”

Watu wakapiga makofi. Ezra akafungua pakiti, akamimina kwenye glasi mpaka pomoni. Akaiinua watu wote waone, akanywa funda moja, halafu akamkabidhi Anyisile.

Ezra alikuwa mtoto wa huku, alijua anachofanya. Anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele ya macho yako, ujue hakuweka kitu. Akishaonja, kukataa hakuna. Ukikataa umemwita mchawi hadharani, na doa hilo watalirithi mpaka wajukuu.

Alipenya katikati yao. “Samahani, mheshimiwa. Daktari alimkataza ya machungwa. Moyo wake… Kama ipo soda nyeupe, funda moja tu linatosha.”

Kofia zikageuka. Mtu mmoja akacheka, kisha wengi.

“Mwe! Mgonjwa anachagua soda!”

“Ya nyeupe haipo, mama,” Ezra alisema, meno nje, macho makavu.

“Ile pale.” Veronika alinyoosha mkono. Pale mezani, mbele ya mwekezaji, zilikuwa zimejipanga chupa za kijani, nyingine hazijafunguliwa.

“Zile ni za meza kuu.”

Mwekezaji aliinamisha kichwa upande wa Ezra. “Kuna tatizo gani?”

“Hakuna tatizo, bosi. Huyu mama anaona haya tu.” Kisha, akimwinamia Veronika sikioni kwa sauti ya chini: “Unataka arudi Dar au hutaki? Mtu anamwaibisha bosi mbele ya wageni, halafu kesho aje kuomba mashine?”

Bibi Angetile alimvuta upindo wa kanga kutoka nyuma. “Unataka tuitweje, gwe?”

Veronika alimtazama mumewe. Matone ya baridi kutoka kwenye glasi yalikuwa yanamteremkia kwenye kiganja. Hakuwa anamtazama Ezra wala mwekezaji. Alikuwa anaitazama juisi.

“Mama Lusungu,” alisema, na sauti yake ilikwaruza, “niache.”

Alifumba macho. Alikunywa bila kupumua, koromeo linapanda na kushuka, mpaka glasi ikabaki na povu tu. Mpiga picha alimulika mara kadhaa. Halafu, macho yangali yamefumbwa, Anyisile aliigonga glasi kwa pete.

Ko, ko.

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko na vigelegele. Ezra akamjazia tena. Hakuna aliyemzuia, mikono ya Veronika ilikuwa imeshikwa na mama mkwe, na kusema ukweli hata ingeachwa asingejua aipeleke wapi. Alimwona mumewe anatabasamu. Hakuwa ameliona tabasamu hilo tangu Dar.

“Tutaliangalia suala lake,” mwekezaji alisema, akakata utepe.

Eliya alipewa kazi ya ulinzi siku hiyohiyo.

Anyisile alikufa kesho yake, kengele ya kanisa ikiwa bado haijagongwa. Alisema kifua kinamwenda ovyo, akasema miguu haisikii, kisha moyo ukasimama kama alivyosema yule dada wa hospitali. Veronika alimkumbatia akamtikisa, akamfokea kwa jina lake la utotoni. Alimwekea kipande cha barafu kwenye midomo. Kiliyeyuka chote, kikamtiririkia shavuni.

“Angalau amekufa kiu imekatika,” bibi Angetile aliwaambia waombolezaji, analia. “Yule Ezra Mungu ambariki. Ndaga fijo.”

Ezra alikuja msibani siku ya tatu mchana, kwa gari la kampuni lililosimama mbali kwa sababu ya tope. Alileta picha ya Anyisile akinywa, imeshawekwa kwenye fremu, na katoni za juisi kwa ajili ya wafiwa. Vijana wenye kofia wakaanza kugawa.

“Kampuni imeguswa sana,” alisema, akisimama mbele ya mjane aliyekaa mkekani. “Alikuwa mtu wetu. Tusiwe na kinyongo, shemeji. Tumempoteza kwa pamoja, na tunywe kwa pamoja.”

Akaangaza macho kutafuta chombo, akakiona kikombe cha bati pale dirishani. Akamimina mpaka juu. Akaonja. Akampa.

Veronika alipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa na mama yake. Juisi ilifika kwenye ukingo wa bluu. Yeye hakuwahi kukijaza kile kikombe hivyo. Akinywa, yameisha, mikono ya Ezra ni safi. Asipokunywa, amesema mbele ya Ngonga nzima kwamba huyu mtu ameua, naye Eliya kesho hana kazi, na mama mkwe atauliza ni nani hasa aliyemkausha mwanawe.

“Mheshimiwa,” alisema, “leo ya nyeupe mmeleta?”

Hakuna aliyecheka. Ezra alikohoa kidogo.

“Kunywa, mama. Watu wanasubiri.”

Ko, ko. Veronika aligeuka haraka kutazama chumbani. Kitanda kilikuwa kimeshatolewa nje. Ko, ko, ko. Ndipo alipoona ni pete yake mwenyewe inayogonga bati, kwa jinsi mkono ulivyokuwa unatetemeka. Mama mkwe alikuwa anamtazama. Eliya, na kofia yake kichwani, alikuwa anamtazama. Mvua ilianza tena, na juisi ikawa inamwagika kidogo kidogo kwenye kanga yake nyeusi, na watu walikuwa bado wanangoja ameze.