Mvua Baada ya Jumanne

Alipowekewa mikono na askofu kuwa kasisi, tayari mvi zilikuwa zimemtanda kichwani, na viganja vyake, kwa miaka ya jembe, vilikuwa vigumu kama soli ya kiatu. Alipewa kanisa la matofali ambalo waumini wake karibu wote walikuwa wakulima kama yeye. Mavuno yake ya mwisho, kabla ya kumwachia mdogo wake shamba, alikuja nayo: mahindi yaliyokwisha kupukuchuliwa, yakatandazwa juu ya maturubai uani mwa nyumba ya kasisi. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha nyumba yake kwa mwaka mzima. Jua la siku mbili zaidi lingetosha kuyakausha yatiwe maguniani. Yakilowa kabla ya hapo yangeota ukungu, na mahindi ya ukungu hata kuku hapewi.

Jumapili ile, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, bibi mwalimu mstaafu asiyejua kunong'ona, alimkuta katika chumba cha mavazi akivaa stola shingoni.

"Mchungaji, maharage ya watu yanakauka na maua yake. Leo utusomee sala ya kuomba mvua."

"Leo leo, mama?"

"Kwani maharage yana subira ya Ayubu?"

Ibada ilipofika mahali pa sala hiyo, alifungua Kitabu cha Sala, akasoma polepole, kila neno kwa heshima yake. Pale alipopaswa kunyamaza ili watu waitikie, ulimi wa mkulima ukamponyoka:

"Na ikikupendeza, Bwana, iwe baada ya Jumanne."

Amina haikuitikiwa.

"Ala! Anampangia Mungu ratiba!" alisema seremala kutoka benchi la nyuma, na kicheko kikapita kanisani. Lakini wenye maharage hawakucheka. Wote walikuwa wamepita uani kwa kasisi wakaona kilichotandazwa. Mjane mmoja, ambaye bustani yake ya maharage ndiyo iliyowalisha wajukuu zake, alisimama akakusanya mtandio wake.

"Kumbe Mchungaji ana mvua yake, na sisi tuna yetu," alisema, bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Neno lile lilimchoma kuliko kicheko. Mkulima ana haki ya kuogopa wingu. Kasisi aliyesimama mbele kwa niaba ya watu hana haki ya kuwaibia sala yao. Aliliona hilo waziwazi, akaona pia magunia yasiyojaa. Akamtazama mkewe katika benchi la mbele, mwanamke aliyepukuchua mahindi yale mpaka vidole gumba vikamtoka malengelenge.

"Baba watoto," mkewe alisema, wala hakushusha sauti, "rudia. Soma kama ilivyoandikwa."

Akapiga magoti. Akasoma upya tangu neno la kwanza, asiongeze wala kupunguza. Amina ya mkewe ndiyo iliyotangulia, kisha ya kanisa zima, na yule mjane akaketi.

Mvua ilishuka alasiri, vyombo vya chakula cha mchana havijaoshwa. Haikuja kwa manyunyu. Ilikuja kama iliyosukumwa. Mume na mke walikuwa wakivuta maturubai yaliyojaa maji walipoona watu wakiingia uani: seremala na magunia begani, mjane na beseni kichwani, na mwalimu mstaafu chini ya mwavuli, akitoa amri.

"Msisimame kama sanamu! Beseni hapa! Wewe seremala, mdomo ulikuwa mwepesi asubuhi, sasa mikono!"

"Nyumba moja haiwezi kukausha haya," alisema mjane. "Kila mtu achukue fungu lake, akayatandaze jikoni kwake karibu na moto."

Ndivyo mahindi ya kasisi yalivyotawanyika parokia nzima. Kwa wiki kadhaa akawa mtu wa kupiga hodi. Na nani aliyewahi kuulizia mahindi mlangoni akaruhusiwa kuondoka? Alikaribishwa kiti, akamiminiwa chai, akaonyeshwa mgonjwa wa chumba cha ndani, akaombwa apatanishe ndugu walionuniana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mpaka huo aliuamua haraka sana. Mipaka alikuwa akiifahamu kuliko theolojia.

Mjane alimrudishia debe lililofurika.

"Mama, ulichukua beseni moja tu."

"Yamevimba, Mchungaji. Si uliomba mvua?"

Nyumbani, mkewe aliweka ungo magotini akaanza kupepeta. Punde mkono ukasita.

"Baba watoto, sisi tulipanda mahindi ya manjano lini?"

"Hatukupanda."

Akachuchumaa kando yake. Punje za manjano zilikuwa nyingi, zimechanganyika na nyeupe zao. Mkewe alipoanza kuzitenga, kasisi alimshika mkono.

"Ziache humo humo," alisema, akainamisha kichwa pale pale juu ya ungo, akashukuru kwa sauti, akizitaja nyumba moja moja.